Wati 450 Zinazoishia 147

Hotuba kwa mafundi wa sola, Mtwara

Ndugu mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi, wenye maduka ya vifaa vya umeme, na nyinyi mliopanda basi alfajiri kutoka Newala, Masasi na Lindi, asanteni kwa kufika. Tumeombwa tuseme habari ya kontrola za MPPT, yaani vile vifaa vinavyokaa kati ya paneli na betri na kutafuta kilele cha nguvu ya paneli, na kwa kuwa muda ni mchache tutaingia moja kwa moja kwenye hesabu.

Igeuzeni paneli ya wati 450, hizi kubwa zilizojaa madukani sasa hivi, msome kibandiko cha nyuma. Nyingi zinasomeka hivi kwa tofauti ndogo: volti za kazi 41.5, ampea za kazi 10.85, volti bila mzigo 49.5, ampea za shoti 11.6. Ukizidisha 41.5 kwa 10.85 unapata 450. Ichukue paneli hiyo, ifunge kwenye kontrola ya kawaida ya PWM yenye betri moja ya volti 12. Betri iliyo katikati ya chaji inasimama kwenye volti 13.5 hivi. Kontrola ya PWM ni swichi tu. Ikifunga, paneli inakuwa imeunganishwa na betri moja kwa moja, na volti za paneli zinashuka mpaka zilingane na za betri. Ampea hazipandi kufidia, zinabaki karibu 10.9. Zidisha 13.5 kwa 10.9: wati 147. Mteja amelipia 450, anatumia 147. Hizo nyingine hakuna aliyeziiba, wala hazikupotelea kwenye waya. Hazikuvunwa kabisa, zimebaki kwenye paneli zikiipasha moto.

Tumeanza na mfano huu makusudi, kwa sababu ndio unaoonekana zaidi kwenye mapaa ya mikoa yetu miwili. Paneli kubwa zimekuwa nafuu kwa kila wati kuliko zile ndogo za zamani, kwa hiyo watu wananunua paneli kubwa na kuendelea na kontrola ya zamani.

Paneli inafanya hivyo kwa sababu yenyewe ni chanzo cha ampea zaidi kuliko chanzo cha volti. Ukiiacha wazi bila mzigo, volti ziko juu kabisa, 49.5, na ampea ni sifuri, hivyo wati ni sifuri. Ukiipiga shoti, ampea ziko juu kabisa na volti ni sifuri, tena wati ni sifuri. Katikati, ukianzia upande wa shoti na kupandisha volti taratibu, ampea zinakaa karibu palepale kwa safari ndefu, halafu zinaanguka ghafla kama ukingo wa meza. Pale kwenye kona, kabla ya kuanguka, ndipo volti mara ampea inatoa namba kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Hicho ndicho kilele. Kibandiko kinaonyesha kilele cha maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zenye joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Mtwara saa saba mchana, seli haziko nyuzi 25. Ziko nyuzi 60, na paneli iliyolazwa imegusana na bati inazidi hapo.

Joto linashusha volti. Kwa paneli nyingi za siku hizi nguvu inapungua kiasi cha asilimia 0.35 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 12 hivi. Kwa hiyo ile 450 ni 396 mchana wa kawaida, na volti za kilele zimeshuka kutoka 41.5 hadi 36 na nusu. Kilele kinahama. Wingu likipita, kinahama. Upepo wa kusi ukivuma na kuipoza paneli, kinahama tena. Kontrola ya MPPT ipo kwa ajili ya kukifuata kilele hicho kila kinapokwenda, kisha kugeuza volti nyingi na ampea chache za paneli kuwa volti chache na ampea nyingi za betri. Ni kazi ileile ya gia ya baiskeli. Kwa ile paneli yetu, wati 396 zikiingia na 380 zikatoka, betri ya volti 13.5 inapokea ampea 28 badala ya 11.

Sasa tuseme jambo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe. Tangazo kwenye boksi linaahidi "asilimia 30 zaidi" kwa kila mtu, na kwa pwani ya joto kama hii ahadi hiyo mara nyingi si kweli. Chukueni paneli ndogo ya zamani ya seli 36, wati 100, volti za kazi 18. Ikipata joto la nyuzi 60 kilele chake kinashuka hadi volti 15 na nusu, na nguvu hadi wati 86. PWM kwenye betri ya volti 13.2 itakupa karibu wati 75. MPPT nzuri itakupa 82 au 83. Tofauti ni wati saba, nane. Betri ikikaribia kujaa na volti zake kufika 14.2, tofauti inabaki wati tatu. Mteja mwenye paneli moja ya aina hiyo, taa nne na simu za kuchaji, usimuuzie MPPT. Fedha hiyo inunue paneli ya pili au waya mnene zaidi. Faida ya kweli ya MPPT kwetu huku iko mahali pawili: inakuruhusu kutumia paneli za volti kubwa ambazo ndizo za bei nafuu, na inakuruhusu kusafirisha umeme kutoka juu ya paa kwa ampea chache. Asilimia za kwenye boksi ziacheni hapohapo kwenye boksi.

Ndani ya kontrola kuna nini? Kuna mosfeti, yaani swichi za elektroniki, zinazofunga na kufungua mara makumi elfu kwa sekunde, koili, kapasita upande wa kuingilia na wa kutokea, na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo inayosoma volti na ampea. Mosfeti ya juu, iliyo upande wa paneli, ikifunga, umeme wa paneli unapita kwenye koili na koili inahifadhi nguvu kwenye sumaku yake. Mosfeti ikifunguka, koili inaendelea kusukuma ampea kwenda kwenye betri kupitia mosfeti ya pili au dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Sehemu ya muda ambayo mosfeti ya juu imefunga ndiyo inayoamua uwiano wa volti: betri 13.5 gawanya kwa paneli 36 ni 0.375, yaani mosfeti imefunga asilimia 37.5 ya muda. Ukiongeza muda huo, volti za paneli zinashuka; ukiupunguza, zinapanda. Huo ndio usukani pekee wa kontrola.

Kwa wanafunzi wanaotaka kujitengenezea, koili ndiyo inayowaangusha wengi. Kanuni yake ni hii: toa volti za betri kwenye volti za paneli, zidisha kwa ule uwiano, gawanya kwa masafa (mosfeti inafunga mara ngapi kwa sekunde) na kwa mtikisiko wa ampea (kupanda na kushuka kwake) unaoukubali. Paneli volti 36, betri 13.5, masafa 50,000, mtikisiko ampea 5: unapata karibu mikrohenri 34. Namba hiyo peke yake haitoshi. Koili lazima ibebe ampea 28 za wastani na nusu ya mtikisiko juu yake, yaani zaidi ya 30, bila kiini chake kushiba sumaku. Tafuta ya ampea 40. Koili iliyochomolewa kwenye pawasaplai ya kompyuta mbovu inashiba mapema. Ikishiba inakuwa kipande cha waya tu, na mosfeti inaungua kabla hujasogeza mkono. Mosfeti ziwe za volti 100 kwa paneli yenye volti 49.5 bila mzigo, zisiwe za 55. Ile mosfeti ya volti 55 inayopatikana kila duka la spea inaonekana kama inatosha, lakini kila swichi inapofunguka kunatokea mruko wa volti juu ya zile za kawaida. Kumbukeni pia kuwa mosfeti ya juu ina dayodi ndani yake inayotazama kinyume. Usiku, paneli ikiwa giza, betri inarudisha umeme kwenye paneli kupitia njia hiyo. Lazima kuwe na mosfeti nyingine ya kuzuia, au betri itaamka asubuhi imechoka bila mtu kuwasha taa.

Tuje kwenye akili ya kontrola. Njia inayotumika zaidi ni ya kusukuma na kuangalia. Maikrokontrola inapima volti na ampea, inazizidisha kupata wati, inasogeza uwiano kidogo, inasubiri kapasita zitulie, inapima tena. Wati zikiongezeka, inaendelea upande uleule. Zikipungua, inarudi nyuma. Ukiwa na hatua kubwa kontrola inafika haraka lakini inayumbayumba kileleni daima. Ukiwa na hatua ndogo inatulia lakini inachelewa wingu likipita. Kosa la wanaoandika programu kwa mara ya kwanza ni kupima kabla volti hazijatulia baada ya hatua, hivyo kontrola inalinganisha namba za uongo na kuzunguka bila kufika popote.

Njia hii ina udhaifu unaojulikana. Mawingu ya Januari yanayokatiza jua yanaichanganya. Ikiwa imesogea upande mbaya wakati uleule jua linafunguka, wati zinaongezeka kwa sababu ya jua, nayo inadhani imefanya vyema na kuzidi kupotea. Njia ya pili inatumia mteremko: kwenye kilele, mabadiliko ya ampea kwa mabadiliko ya volti yanalingana na ampea gawanya kwa volti, kwa alama ya kutoa. Inahitaji vipimo safi zaidi, lakini haidanganyiki kirahisi. Ipo na njia ya mkato: kufungua paneli kwa muda mfupi sana, kusoma volti zake bila mzigo, na kukaa kwenye asilimia 76 hivi ya namba hiyo. Si kilele halisi, ila ni jirani yake, na kwa mtambo mdogo inatosha.

Kivuli ndicho kinachotenganisha kontrola nzuri na za hovyo, na huku kwetu kuna minazi na mikorosho karibu na kila nyumba. Paneli ya kawaida ina dayodi tatu kwenye kisanduku cha nyuma, kila moja inalinda theluthi ya seli. Tuseme paneli mbili za 450, zikiwa na joto la mchana, zimefungwa kwa mfululizo (volti zake zinajumlishwa), na kuti la mnazi limeacha theluthi moja ya paneli moja ikipata mwanga wa asilimia 20 tu. Mtambo unakuwa na vilele viwili. Cha kwanza ni kwenye volti 60: dayodi imeruka ile theluthi, ampea zote 10.85 zinapita, wati 650. Cha pili ni kwenye volti 78 hivi: hakuna kilichorukwa, lakini mkondo wote umebanwa na zile seli za kivulini, ampea mbili na kitu, wati 170. Kontrola inayosukuma na kuangalia tu, kama ilikuwa karibu na kilele cha volti nyingi kuti lilipoingia, itabaki kule na kuridhika na 170. Iliyo bora inafagia: kila baada ya dakika kadhaa inapita volti zote kuanzia juu hadi chini, inaona kilele kikubwa kiko wapi, kisha inarudi hapo. Kabla ya kununua, tafuta kwenye kitabu cha maelezo kama inafagia, na kila baada ya muda gani. Hata hivyo kukata kuti ni rahisi kuliko kununua kontrola. Na mkorosho ulio kaskazini mwa paneli unahitaji macho zaidi kuliko ulio kusini, kwa sababu mwezi Juni jua la mchana linainama upande wa kaskazini kwa nyuzi 33 hivi.

Hapohapo tumalize habari ya mwelekeo. Tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta. Jua linapita utosini karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari. Paneli zitazame kaskazini kwa mlalo wa nyuzi 10 hadi 15, na ziinuliwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye bati ili upepo upite chini. Usizilaze flati kabisa: mvua haitaosha vumbi na chumvi, vitabaki juu ya kioo.

Tukirudi madukani, kontrola nyingi ndogo zimeandikwa MPPT kwa herufi kubwa na ndani yake ni PWM tupu. Mteja anauziwa mbuzi kwenye gunia. Uzito unakupa fununu: ya ampea 30 ya kweli ina koili na bamba la kupozea, inafika kilo moja au zaidi, na feki haifiki hata nusu ya hapo. Lakini ushahidi ni mita. Fanya kipimo saa nne asubuhi, jua wazi, betri ikiwa imetumika usiku na haijajaa, taa au feni zikiwa zimewashwa. Pima volti kwenye terminali za paneli pale pale kwenye kontrola, kisha kwenye terminali za betri. Zikipishana chini ya volti moja, hiyo ni PWM, hata boksi liseme nini. Kisha chukua mita ya kubana waya inayopima umeme wa DC, yaani ule wa betri na paneli, pima ampea za upande wa paneli na za upande wa betri. Kwa MPPT ya kweli ampea za betri ni nyingi kuliko za paneli. Zidisha kila upande, gawanya kinachotoka kwa kinachoingia: inapaswa kuwa kati ya 0.94 na 0.98. Usifanye kipimo hiki betri ikiwa imejaa. Hapo kontrola yoyote inaiachia paneli, volti zinapanda, na PWM nayo inaonekana kama MPPT kwa sababu mita inasoma wastani wa kufunga na kufungua.

Sasa kifo cha kontrola. Ampea zikizidi kiasi, kontrola nyingi nzuri zinajibana zenyewe na kupoteza ziada, ilimradi ampea za shoti za paneli hazijavuka namba iliyoandikwa. Volti zikizidi, hakuna kujibana. Inaweza kufa mara moja na garantii haikubali. Mtego uliozoeleka ni huu: kontrola ya volti 100, paneli mbili za volti 49.5 kwa mfululizo. Jumla 99. Fundi anaona bado volti moja. Lakini 49.5 ni kwenye nyuzi 25. Asubuhi ya Julai juu ya Newala, paneli ina nyuzi 15, volti zinapanda asilimia 0.28 kwa kila nyuzi, jumla karibu asilimia 3, na paneli mbili zinatoa 101.8. Jua likitoka kali kabla seli hazijapata moto, kwaheri. Mtego uleule uko kwenye kontrola ya 150 na paneli tatu: kibandiko kinasema 148.5, asubuhi ya baridi inasema 152.7. Kwa mikoa yetu zidisha volti bila mzigo kwa 1.03, kisha acha nafasi ya asilimia tano juu yake. Paneli mbili za namna hii zinataka kontrola ya 150.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo haliui kitu ila linachosha betri polepole. Paneli ya seli 60 ina volti za kazi 31 na bila mzigo 38. Mtu anaifunga moja moja, sambamba (ampea zinajumlishwa, volti hazipandi), kwenye betri za volti 24 na MPPT. Kwenye karatasi 31 ni zaidi ya 24. Kwenye joto kilele ni 27, na betri inahitaji 28.8 ili ijae. MPPT nyingi zinashusha volti tu, hazipandishi, na baadhi zinataka paneli iwe juu ya betri kwa volti tano hivi ndipo zianze kazi. Matokeo yake betri inachaji vizuri asubuhi, inakwama kuanzia saa tano, haijai hata siku moja, na baada ya miezi kadhaa mteja anasema betri ni mbovu. Dawa ni kuzifunga mbilimbili kwa mfululizo.

Mfululizo una faida yake kwenye waya pia. Chukulieni mita 15 kutoka paa hadi kontrola, kwenda na kurudi mita 30, waya wa shaba wa milimita za mraba 4. Ukinzani wake ni ohmu 0.13. Paneli mbili za 450 kwa mfululizo zinapitisha ampea 10.85 na waya unakula wati 15. Zifunge sambamba, ampea 21.7, waya unakula 61. Nguvu hiyohiyo ikipitishwa kwa paneli za zamani za volti 18 ni ampea 50, na waya huo ungekula zaidi ya 320, yaani ungekuwa umefunga hita badala ya mtambo. Hasara inakwenda kwa ampea mara ampea, ndiyo maana ampea zikiongezeka maradufu hasara inakuwa mara nne.

Upande wa betri hesabu ni hizohizo. Wati 900 kwenye mtambo wa volti 12 ni ampea 66, kontrola ghali na waya wa kama kidole. Kwenye volti 24 ni ampea 33, kontrola ya 35 au 40 inatosha, na waya wa milimita za mraba 16 wenye urefu wa mita mbili unapoteza chini ya volti 0.2. Kuanzia wati 600 hivi kwenda juu, usifunge mtambo wa volti 12. Weka fyuzi ya ampea 50 ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri, kwa sababu hatari ya moto inatoka kwenye betri kuliko kwenye paneli. Swichi ya paneli iwe ya DC. Breka ya nyumbani ya AC inategemea umeme kupita kwenye sifuri mara mia kwa sekunde ili cheche izimike. DC haina sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani mpaka plastiki inayeyuka.

Utaratibu wa kufunga: betri kwanza, paneli baadaye, mzigo mwisho. Kufungua ni kinyume chake. Kontrola inaitambua betri kuwa ni ya 12 au 24 pale inapounganishwa, na ikipewa paneli bila betri haina mahali pa kupeleka nguvu.

Onyo kwa anayetoa PWM na kuweka MPPT kwenye mtambo wa zamani. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 inapenda chaji ya ampea 10 hadi 20. Kwa PWM, ile paneli ya 450 ilikuwa inatoa 11, betri ilikuwa salama bila mtu kujua kwa nini. Ukiweka MPPT inapokea 28, inachemka, maji yanakauka, sahani zinapinda. Ingia kwenye mipangilio, weka kikomo cha ampea 20, au ongeza betri. Volti za chaji ya kwanza ziwe 14.4 kwa betri ya maji, 14.1 kwa ya jeli, na za kushikilia, betri ikishajaa, 13.6 hadi 13.8. Kisha kipimajoto: kama kontrola ina waya wa kupimia joto, ubandike kwenye ubavu wa betri. Usiuache ukining'inia kwenye boksi. Chumba cha nyuzi 35 kinataka volti za chaji zipunguzwe kwa kiasi kisichozidi volti 0.3 kutoka zile za nyuzi 25. Kontrola yenyewe iwe wima, na nafasi ya sentimita 15 juu na chini, ukutani pa matofali. Isikae juu ya betri za maji, kwa sababu gesi yake inakula shaba na inaweza kulipuka. Kwa nyumba za Mikindani, Msimbati na Kilwa, ambako hewa ina chumvi, pakeni grisi ya terminali, kazeni skrubu upya baada ya mwezi mmoja, na zibeni matundu ya waya. Mjusi aliyeingia kutafuta joto na sisimizi waliojenga kwenye bodi wanaweza kuiua kontrola.

Wanaofunga pampu za visima bila betri, yenu ni hesabu ya namna yake. Inveta ya pampu inafuata kilele kwa kubadilisha mwendo wa mota. Mota ya volti 220 ili ifike mwendo kamili inahitaji karibu volti 310 za DC. Paneli nane za 41.5 ni 332 kwenye kibandiko na 292 kwenye joto, hivyo maji yanapungua saa saba mchana wakati jua ni kali kuliko saa zote. Paneli tisa zinatosha mchana, lakini volti zake bila mzigo ni 445 kwenye kibandiko na karibu 458 asubuhi ya baridi. Soma kikomo cha inveta kabla hujaongeza hiyo ya tisa.

Na betri za lithiamu, kwa kuwa ndizo zinazoingia kwa kasi. Zile za chuma na fosfeti, seli nne, zinajazwa kwa 14.2 hadi 14.6 na hazitaki chaji ya kusawazisha, ile ya kupandisha volti juu kupita kawaida, hata kidogo. Izimeni kabisa kwenye mipangilio, kwa sababu kontrola nyingi zinaifanya zenyewe kila mwezi zikiwa kwenye hali ya betri ya maji, na zinaweza kufika volti 15. Zimeni pia marekebisho ya joto, lithiamu haiyahitaji. Kila betri hizi zina bodi ya ulinzi ndani, na bodi hiyo ikiona seli moja imezidi inaikata betri ghafla. Pale pale MPPT iliyokuwa inasukuma ampea 30 inabaki haina betri, koili bado ina nguvu, na volti za kutokea zinaruka kabla programu haijashtuka. Kinachoungua hapo mara nyingi ni inveta na taa za DC, wala si kontrola, ndiyo maana fundi anatafuta kosa mahali pengine. Wekeni volti za chaji 14.2, chini ya kikomo cha bodi, na taa za DC zichukue umeme kwenye kigeuza volti chenye kikomo cha kuingilia kilicho juu ya volti bila mzigo za paneli zenu.